Klabu ya Democratic ya mtaani: nani anaweza kujiunga, na ina nguvu gani

SWALI: Mimi ni Mtanzania wa kuzaliwa, nilipata uraia wa Marekani mwaka juzi, na ninaishi Silver Spring, Maryland, pamoja na mume wangu ambaye bado yuko kwenye grini kadi. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya serikali kuu. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, amenialika kwenye klabu ya Democratic ya eneo letu. Nilienda mara moja, nikakuta watu wapatao thelathini, wengi wao wazee, wakibishana muda mrefu kuhusu kumbukumbu za kikao kilichopita. Baadaye wakaniuliza kama ningependa kuwa katibu. Mume wangu anaogopa: anasema siasa za nchi za watu zitatuletea matatizo kwenye faili lake la uraia, na kwamba jina langu likishaandikwa kwenye chama halifutiki. Kazini nako nimesikia kwamba mtumishi wa serikali haruhusiwi kujihusisha na siasa. Mimi mwenyewe nimevutiwa kwa sababu kodi ya nyumba imetuelemea na nataka sauti yetu isikike, lakini sielewi klabu ya watu thelathini inaweza kubadilisha nini. Je, nijiunge? Mume wangu anaweza kuja naye? Na je, naweza kuwaleta watu wa jumuiya yetu ya Watanzania kupitia kundi letu la WhatsApp?

JIBU: Dada yangu, nimesoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona maswali yake yote yamebebwa na hofu mbili: mume wako anaogopa karatasi, na wewe unaogopa kupoteza jioni zako bure. Zote mbili zina msingi, ingawa si kwa sababu mlizozitaja. Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza moja kwa moja lakini ndilo linalowachanganya wengi wetu tunaotoka Afrika Mashariki, nalo ni maana ya kuwa mwanachama wa chama cha siasa katika nchi hii.

Sisi tumekulia mahali ambapo chama kina kadi, ada, shina, tawi, kata na wilaya. Mwenye kadi ni mwanachama, asiye nayo si mwanachama, na chama chenyewe ndicho kinachoshika daftari. Democratic haina kadi ya namna hiyo. Kwa Maryland, kinachokufanya uwe Democrat kisheria ni alama moja tu unayoweka kwenye fomu ya kujiandikisha kupiga kura, na daftari hilo hushikwa na bodi ya uchaguzi ya jimbo, wala si chama. Huombi ridhaa ya mtu yeyote, hulipi chochote, na hakuna kikao cha kukuvua uanachama. Ukibadili mawazo unajaza fomu nyingine, iwe ni kuhamia chama kingine au kuwa mpiga kura asiye na chama. Kwa hiyo mume wako anaposema jina halifutiki anazungumzia mfumo mwingine. Hata hivyo yupo sahihi kwa upande mmoja: orodha ya wapiga kura, pamoja na chama walichojiandikisha nacho na chaguzi walizoshiriki, hupatikana kwa wagombea na kampeni zao. Uliyempigia kura ni siri, lakini kwamba ulijitokeza kupiga kura si siri. Yawezekana kabisa jirani yako alikuwa anajua kwamba umejiandikisha kabla hajabisha hodi kwako.

Klabu ni kitu cha tatu, tofauti na daftari na tofauti na chama chenyewe. Ni kikundi cha hiari cha wakazi wanaokiunga mkono chama, chenye katiba yake, ada yake ndogo ya mwaka na viongozi wake wa kuchaguliwa. Baadhi ya klabu hufuata mipaka ya wilaya za bunge la jimbo, nyingine ni za wanawake, za vijana au za watu wa asili moja. Sehemu rasmi ya chama katika kaunti yenu ni Kamati Kuu ya Democratic ya Kaunti ya Montgomery, ambayo wajumbe wake huchaguliwa na wapiga kura wa Democratic wenyewe katika uchaguzi wa mchujo (ule wa kuchagua wagombea wa chama) wa mwaka wa kumchagua gavana, yaani kila baada ya miaka minne. Unaweza kuwa Democrat maisha yako yote bila kuikanyaga klabu, na watu wengi wako hivyo.

Sasa niingie kwenye swali lako la msingi: watu thelathini wanaobishana kuhusu kumbukumbu za kikao wana nguvu gani? Wakiangaliwa peke yao, hawana. Nguvu yao inatokana na namna uchaguzi unavyokwenda mahali mnapoishi. Kaunti ya Montgomery ina watu zaidi ya milioni moja, na tangu mwishoni mwa mwaka 2006 hakuna Mrepublican hata mmoja aliyekalia kiti katika baraza lake. Maana yake ni kwamba uchaguzi mkuu wa Novemba, ambao ndio magazeti hupigia kelele, kwa viti vya kaunti huwa ni wa kukamilisha utaratibu tu. Mshindi hupatikana katika mchujo wa Democratic miezi kadhaa kabla, watu wengi wakiwa wanafikiria mambo ya likizo. Tena mchujo wa Maryland umefungwa: asiyejiandikisha kama Democrat hapewi karatasi ya Democratic, na mpiga kura aliye tayari kwenye daftari anayetaka kubadili chama ni lazima afanye hivyo siku 21 kabla. Watanzania wengi ninaowafahamu walipoapa uraia walijiandikisha bila chama, wakidhani wanajihifadhi, na hawakujua kwamba kwa hatua hiyo walijitoa kwenye uchaguzi pekee wenye ushindani wa kweli katika kaunti yao. Kabla ya kufikiria klabu, hakiki kwanza daftari linasemaje juu yako.

Usidhani natia chumvi. Mwaka 2018, katika mchujo wa kumpata mgombea wa mtendaji mkuu wa kaunti, Marc Elrich alimshinda David Blair kwa kura 77, kila mmoja wao akiwa amepata zaidi ya 37,000. Miaka minne baadaye watu hao hao wawili walikutana tena, kila mmoja akapata zaidi ya 55,000, kura zikahesabiwa upya, na Elrich akashinda kwa kura 32. Mwenye cheo hicho ndiye anayeandaa bajeti ya kaunti yenye shule, mabasi, polisi na maktaba zenu, na tofauti ilikuwa ya watu wanaoweza kuenea katika basi moja. Klabu ambayo wanachama wake thelathini hupiga kura katika kila mchujo, na kila mmoja akawakumbusha majirani zake watano, haiwezi kudharauliwa na mgombea anayejua hesabu. Ndiyo maana utawaona wagombea wakija kwenye ukumbi wa maktaba wenye viti vya plastiki, wakisubiri zamu zao kwa unyenyekevu huku mzee mmoja akisahihisha tahajia kwenye kumbukumbu.

Hapa nitenganishe jambo moja kwa ajili ya Mtanzania. Kura za maoni za nyumbani kwa miaka mingi zilikuwa mikononi mwa wajumbe wa mikutano, na mwaka 2020 watia nia walioangushwa wakatuachia ule msemo wa "wajumbe si watu". Maryland si hivyo. Klabu inaweza kumuunga mkono mgombea rasmi, ikaandika jina lake kwenye kipeperushi na kumwombea kura, lakini haiwezi kumteua wala kumkata. Anayeteua ni kila Democrat aliyejiandikisha na akajitokeza. Mgombea anaweza kukataliwa na klabu zote za kaunti na bado akashinda. Uzito wa klabu ni wa ushawishi, na tena inashindana na washawishi wengine wakubwa zaidi. Chama cha walimu wa kaunti yenu, kwa mfano, hutoa orodha yake iitwayo Apple Ballot, ambayo wapiga kura wengi huifuata kituoni kuliko ya klabu yoyote.

Lipo eneo moja, hata hivyo, ambapo wachache huamua kweli, na watu wengi hawalijui. Seneta au mbunge wa jimbo akijiuzulu, akifariki au akipata cheo kingine, Maryland haiitishi uchaguzi mdogo mara moja kama tulivyozoea. Katiba ya jimbo inaipa kamati kuu ya chama katika kaunti husika mamlaka ya kupeleka jina kwa gavana, naye hulazimika kulifuata. Kwa hiyo kundi dogo la watu waliochaguliwa chini kabisa ya karatasi ya kura, pale ambapo wengi huacha nafasi wazi kwa kuwa hawayatambui majina, ndilo hujaza kiti cha ubunge, na anayeteuliwa hugombea tena akiwa tayari mbunge. Mtu akiniuliza klabu ni ngazi ya kwenda wapi, humweleza hili: huko ndiko watu hufahamiana kabla ya kugombea kamati. Binafsi naona utaratibu huo wa kujaza viti unawapa wachache mamlaka makubwa mno, lakini maadamu ndio uliopo, ni heri ndani yake wawepo pia watu wanaopanda basi kwenda kazini.

Klabu hizi zina historia ya pande mbili, na nakutajia ili usizione za kitakatifu wala za kihuni. Katika jiji la New York ya zamani, nyumba za klabu zilikuwa mihimili ya Tammany Hall, mtandao wa mabosi wa Democratic wa jiji hilo: mhamiaji wa Ireland alipata kazi au makaa ya mawe ya kupashia nyumba, naye akalipa kwa kura. Katika miaka ya 1950 wakaibuka wanaharakati wa aina nyingine, wasomi na akina mama wa nyumbani waliohamasishwa na kampeni za Adlai Stevenson, mgombea urais wa Democratic, wakaunda klabu za kuwapinga wakubwa hao. Eleanor Roosevelt aliwaunga mkono hadharani. Mwaka 1961 klabu moja ya mtaa wa Greenwich Village ilimwangusha Carmine DeSapio, bosi wa Tammany mwenyewe, kwenye nafasi yake ya uongozi wa wilaya, na alipojaribu kurudi mwaka 1963 akaangushwa na mwanasheria kijana, Ed Koch, ambaye baadaye alikuja kuwa meya wa jiji. Chombo kile kile kilitumika kujenga utawala wa mabosi na kuuvunja. Tabia ya klabu hutegemea nani amekaa kwenye viti vile siku ya kupiga kura ya viongozi.

Ukijiunga, kazi yenyewe ni ipi? Vikao ni sehemu ndogo, na nakubaliana nawe kwamba vinachosha. Hakuna posho, hakuna nauli, na ukibahatika utapata kipande cha piza iliyopoa. Kazi halisi ni nyumba kwa nyumba. Unaweka kwenye simu yako programu iitwayo MiniVAN, ambayo inakuonyesha kwenye ramani milango ya kugonga. Si kila nyumba, bali zile zenye wapiga kura ambao kampeni inawahitaji, pamoja na jina na umri wao. Unabonyeza kengele, unarudi nyuma hatua mbili ili kamera ya mlangoni ikuone uso mzima, unasema jina lako na unakaa mtaa gani, kisha unauliza badala ya kuhubiri. Asipofungua mtu, unachomeka kipeperushi kwenye mpini wa mlango, kamwe si kwenye sanduku la barua, kwa sababu sheria ya nchi imelihifadhi kwa posta peke yake. Kisha unagusa kitufe kuonyesha kilichotokea: hayupo, amekataa, anamuunga mkono, anataka karatasi ya kura kwa posta. Milango mingi haifunguliwi. Waliozoea "mtu kwa mtu, kitanda kwa kitanda" ya nyumbani huvunjika moyo saa ya kwanza, kwa sababu hapa hakuna ngoma, hakuna msafara na hakuna anayekukaribisha chai.

Je, inasaidia? Watafiti wamelipima jambo hili kwa majaribio halisi. Mwaka 1998 Alan Gerber na Donald Green waliwagawa kwa bahati nasibu wapiga kura wapatao 30,000 wa mji wa New Haven, wengine wakatembelewa mlangoni, wengine wakapigiwa simu, wengine wakatumiwa barua. Waliotembelewa walijitokeza kupiga kura kwa kiwango cha juu waziwazi; simu za makampuni hazikuongeza kitu cha maana. Lakini kujitokeza ni jambo moja na kubadili mawazo ni jingine. Mwaka 2018 Joshua Kalla na David Broockman walikusanya majaribio 49 ya namna hiyo wakaona kwamba, katika uchaguzi mkuu wenye vyama kwenye karatasi, uwezo wa kampeni kumgeuza mtu aliyekwisha kuwa na chama chake uko karibu na sufuri, ilhali katika mchujo, ambapo wagombea wote ni wa chama kimoja na watu hawawafahamu, athari huonekana. Ukiunganisha hayo na kura 32 za mwaka 2022 utaelewa kwa nini nakushauri nguvu zako uziweke kwenye mchujo wa kaunti, na usizimalize katika kubishana na Warepublican mitandaoni.

Nije kwa mume wako, na hapa naomba msome taratibu, kwa sababu ndipo penye hatari ya kweli, ingawa siyo pale anapopaogopa. Mwenye makazi ya kudumu, yaani mwenye grini kadi, anaruhusiwa kuhudhuria mikutano ya siasa, kujitolea kwenye kampeni bila malipo, kubeba bango, hata kuchangia fedha zake mwenyewe kwa mgombea. Sheria za uchaguzi zinazokataza michango ya wageni hazimhesabu yeye kuwa mgeni, tofauti na mtu aliye kwenye viza ya masomo au ya kazi, ambaye hapaswi kutoa hata dola moja. Kama anaweza kuwa mwanachama wa klabu mwenye kura katika vikao, hilo huamuliwa na katiba ya klabu. Nyingi hutaka mwanachama mwenye kura awe amejiandikisha kama Democrat, jambo ambalo yeye hawezi, lakini hupokea marafiki wa klabu wasio na kura. Mwombe jirani yako nakala ya katiba hiyo na usome kifungu cha uanachama wewe mwenyewe.

Asichoruhusiwa ni kujiandikisha kupiga kura au kupiga kura katika uchaguzi wa nchi au wa jimbo, na hili halina msamaha mwepesi. Sheria ya mwaka 1996 ilifanya kupiga kura kwa asiye raia katika uchaguzi wa nchi kuwa kosa la jinai na sababu ya kufukuzwa nchini, na kudai uraia usio wako kunaweza kukufungia mlango maisha yako yote, hata kama hukuwa na nia mbaya. Kosa hili mara nyingi halitokei kituoni bali kwenye ofisi ya leseni za udereva: mtu anaulizwa haraka haraka kama angependa kujiandikisha kupiga kura, hasikii vizuri, anajibu ndiyo, anatia saini kwenye kioo, na baada ya miezi kadi ya mpiga kura inafika nyumbani. Fomu ya kuomba uraia inauliza waziwazi kama umewahi kujiandikisha, kupiga kura au kudai kuwa raia. Mume wako ajibu hapana kila anapoulizwa kama angependa kujiandikisha kupiga kura, na asitie saini fomu yoyote mezani kwa wanaharakati wenye ubao na kalamu, hata wakiwa wa klabu yako. Wengi wao ni watu wema wasiojua sheria ya uhamiaji.

Mtasikia kwamba mji jirani wa Takoma Park unawaruhusu wasio raia kupiga kura. Ni kweli, tangu miaka ya mwanzo ya 1990, kwa uchaguzi wa mji peke yake na kwa orodha iliyotengwa na ile ya jimbo. Lakini ninyi mko Silver Spring, ambayo, pamoja na maghorofa yake yote, kisheria si mji uliosajiliwa; haina meya wala baraza la mji, na serikali yenu ya karibu ni kaunti, ambako asiye raia hapigi kura. Mkija kuhamia Takoma Park, mume wako amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla hajajiandikisha hata huko.

Kuhusu hofu yake pana zaidi, kwamba siasa zenyewe zitaliharibu faili, siwezi kumwambia anaota. Katiba ya Marekani inalinda maoni ya wakazi, si ya raia peke yao, na kuhudhuria klabu ya chama kikubwa halali si kosa la uhamiaji. Lakini mwaka 2025 tulishuhudia serikali ikimkamata na kumweka kizuizini kwa miezi mtu mwenye makazi ya kudumu kutokana na harakati zake za kuwatetea Wapalestina chuoni, na shauri lake likapita mahakama moja baada ya nyingine. Kikao cha klabu ni kitu kingine kabisa, ila hali ya hewa ni hiyo. Kama mume wako amewahi kukamatwa, hata kwa kosa dogo la barabarani lenye pombe, kama aliwahi kupokea karatasi ya mpiga kura, au kama ombi lake la uraia liko mezani sasa hivi, basi kabla hajaonekana kwenye shughuli yoyote akae uso kwa uso na mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa wa shirika la msaada wa kisheria. Mjumbe wa klabu hafai kwa hilo, mimi sifai, na yule kaka anayejaza fomu nyuma ya duka la vyakula ndiye asiyefaa kuliko wote.

Kazini kwako umesikia nusu ya habari. Sheria inayohusika ni ile ya Hatch, ya mwaka 1939, na imelegezwa sana tangu wakati huo. Watumishi wengi wa serikali kuu, wauguzi wakiwamo, wanaruhusiwa kujiunga na klabu ya siasa, kuwa viongozi wake, kugonga milango na kuhutubia, ilimradi ni muda wao wenyewe, nje ya jengo la serikali, bila sare wala kitambulisho cha kazi na bila kutumia kompyuta au barua pepe ya ofisi. Usitume ujumbe wa kampeni ukiwa zamu, hata kwa simu yako mwenyewe na hata ukiwa umekaa kwenye chumba cha mapumziko. Yaliyokatazwa saa zote ni kuomba au kupokea michango ya kisiasa na kugombea cheo cha serikali katika uchaguzi wa vyama, ingawa wakazi wa Kaunti ya Montgomery wana upenyo maalumu wa kugombea nafasi za huko kama wagombea binafsi. Baadhi ya taasisi, hasa za upelelezi na usalama, zina masharti makali zaidi. Ofisi ya maadili ya hospitali yako inatakiwa kukujibu swali hili, na Ofisi ya Mwanasheria Maalumu wa serikali kuu hutoa ushauri kuhusu sheria hiyo kwa mtumishi yeyote anayeuliza. Uliza kwa maandishi, utunze jibu.

Kundi la WhatsApp linategemea ni la nani. Kama ni la marafiki, sema unachotaka. Kama ni la jumuiya ya Watanzania iliyosajiliwa kama shirika la hisani lisilotozwa kodi, basi jumuiya yenyewe hairuhusiwi kumpigia debe mgombea wala chama, na ukiandika kwa cheo chako humo unaiweka hadhi yake hatarini. Jumuiya inaweza kuandikisha wapiga kura bila kuuliza chama, kueleza mchujo ni nini, na kuwaalika wagombea wote kwenye mdahalo mmoja. Na kwa kuwa kundi lina watu wa hadhi zote za makazi, ujumbe wowote wa "tukajiandikishe" uanze na onyo kwa wasio raia. Afadhali uonekane mkali kuliko mtu mmoja apoteze makazi yake kwa sababu alikuamini.

Sasa kuhusu kodi ya nyumba, ambayo ndiyo iliyokusukuma kuandika. Julai 2023 baraza la kaunti yenu lilipitisha, kwa kura 7 dhidi ya 4, sheria inayozuia kodi kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka katika nyumba nyingi za kupanga, au chini ya hapo mfumuko wa bei ukiwa mdogo. Wapangaji walijipanga kwa muda mrefu kabla ya siku ile, wakajaza ukumbi wa baraza huko Rockville na kutoa ushahidi wao wakiwa na barua za kupandishiwa kodi mikononi, na madiwani waliopiga kura walikuwa wametoka kuchaguliwa mwaka mmoja tu kabla, katika mchujo ule ule uliomalizika kwa kura 32. Kazi ya mlangoni ilitangulia, kazi ya ukumbini ikafuata. Ukiwa na jioni moja tu kwa mwezi kutokana na zamu zako, kwa jambo la kodi ningekuambia uanze na chama cha wapangaji cha jengo lenu au shirika kama CASA, ambalo limekuwa likiwapigania wahamiaji wa Maryland tangu 1985. Huko mume wako anasimama na kuzungumza kama mtu yeyote mwingine, kwa kuwa baraza la kaunti halimuulizi shahidi uraia wake. Klabu iwe ya pili, hasa miezi inayotangulia mchujo. Kama huna haraka na unataka siku moja kuwa miongoni mwa wanaochagua nani apewe nafasi, basi klabu ndiyo njia, na itakuchukua miaka.

Nafasi ya ukatibu usiikubali bado. Klabu zenye wazee wengi humkumbatia kijana mgeni kwa furaha ya dhati, kisha humtwisha kumbukumbu, barua pepe na ufunguo wa ukumbi, na baada ya mwaka anaacha kwa uchovu huku hajawahi kupiga kura ya kumuunga mkono mgombea hata mmoja. Lipa ada, hudhuria vikao vitatu au vinne, angalia nani husikilizwa anapozungumza na nani hukatizwa. Muulize mwenyekiti mambo haya: mwanachama mpya hukaa muda gani kabla ya kuruhusiwa kupiga kura ya kumuunga mkono mgombea, klabu iligonga milango mingapi katika mchujo uliopita, na fedha zake zinashikwa na nani. Majibu yakikuridhisha, na ofisi ya maadili kazini kwako ikikuthibitishia kwa maandishi kwamba unaweza kushika cheo hicho, ukubali kwa sharti moja: ada na michango ipokewe na mweka hazina, wewe usiishike kabisa.